Dumuzi kwenye udaga hawasikii dawa, wamekuwa sugu au nimepigwa?

Mkulima_Senge: Wakuu habari za jioni. Niko Sengerema, nilitengeneza udaga (mihogo ya kuvundika na kukausha) gunia tisa nikaweka stoo nisubiri bei, juzi nafungua gunia moja nakuta chini unga mtupu, kipande ukikishika kinasagika mkononi na vidudu vyeusi vinatembea juu ya dawa ya vumbi kama wako harusini. Mwaka juzi dawa hiyohiyo iliua. Wameizoea au nimeuziwa majivu?

Ngosha_wa_Magu: Pole mkuu, hao ni dumuzi, huku wengine wanawaita skania. Mgeni huyo, kwao Amerika ya Kati, hapa alianza kusumbua Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80. Hebu mwangalie vizuri, fukusi, yule mdudu mwingine wa mahindi, ana mdomo mrefu kama mkonga, dumuzi yuko kama kipande cha kijiti, ukimtazama kwa juu kichwa hukioni. Dawa ya pirimifosi-methili inamuua fukusi vizuri ila dumuzi inamsumbua kidogo tu, huyo dawa yake pemethrini, ndo maana zinachanganywa. Soma pakiti yako ina viambato vingapi.

dogo_bwanashamba: Usugu nao upo msibishe. Mtu ananyunyiza nusu dozi ili pakiti ifike gunia nne, wanyonge wanakufa, wagumu wanabaki wanazaliana. Halafu dumuzi anataga humohumo ndani ya kipande, vumbi liko nje, litamfikiaje?

Mama_Michembe: Jamani mbona hamsemi la muhimu, dawa hiyo imeandikwa ya nafaka! Udaga hauoshwi, unatwanga unapeleka mashine unasonga ugali, sasa hiyo dawa inaenda wapi kama si tumboni kwa watoto? Mi michembe yangu, viazi vitamu vya kukausha, naikausha mpaka inalia kavu nikiivunja, naweka mifuko ya tabaka tatu nafunga hewa isipite, wadudu wanakufa wenyewe. Udaga uvunje vipande vidogo kwanza maana zile ncha zinatoboa nailoni ya ndani.

Mkulima_Senge: Dah, pakiti nimeisoma, kiambato kimoja tu, pirimifosi. Kumbe mwaka juzi waliokufa walikuwa fukusi, na yalikuwa mahindi tena, nimekumbuka. Dawa niliweka gunia tatu, sita bado sijazigusa, kesho nazianika kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Hizo tatu je, niwape nguruwe?

Mama_Michembe: Hata nguruwe usiwape baba. Chimba shimo refu mbali na kisima, fukia.