Ukoo wa Bi Mkubwa: Bibi anakuja kutembea mjini

*Ijumaa, saa 2:10 usiku*

Time (Wete): Assalaam alaykum nyote. Kesho tunapanda boti Mkoani, inshallah mchana tuko bandarini Malindi, Unguja. Bibi kasema niwaambie, safari hii haji hospitali wala haji mazishini. Anataka kutembezwa mji.

Mama Salma: Waalaykum salaam. Mashallah, karibuni! Chumba cha chini nshakitandika. Ila mwanangu, magoti yake vipi? Mimi mwenyewe nikitoka Mkunazini mpaka Shangani kwa vichochoro vile, miguu huwaka moto.

Time (Wete): Ndiyo hayo. Akenda kidogo tu anatafuta baraza akae.

Shangazi Asha (London): Skizeni. Wiki iliyopita niliwatembeza wakwe zangu huku kwa basi la watalii. La ghorofa mbili, juu halina paa. Unakata tiketi moja ya siku nzima, mabasi yanazunguka njia ile ile, unashuka unapopataka. Ukishaangalia unangoja jengine la kampuni hiyo hiyo, unapanda kwa tiketi yako ile ile. Mama mkwe ana magoti kama ya Mama, na kaona Westminster, kaona Tower Bridge, kakaa kitako.

Salma: Shangazi, na nani anayewaeleza mnachokiona?

Shangazi Asha (London): Unapewa visikizio vya masikioni, unachomeka penye kiti, unachagua lugha. Kiswahili hakikuwamo, basi nikimfasiria mimi. Nikamwambia Sultani wetu wa Zanzibar, Barghash, naye alikuja mji huu mwaka 1875, akapokewa na Malkia Victoria. Akanyamaza kimya, akageuka kuliangalia tena lile jumba tulilolipita.

Ami Khamis: Na hilo Tower Bridge ni la 1894. Jumba la Beit el Ajaib la Barghash huyo huyo ni la 1883. Mwambie mama mkwe wako.

Shangazi Asha (London): Nitamwambia kaka 😊 Lakini na kosa letu nilitaje. Tulishuka darajani, picha hii picha ile, hatukuuliza basi la mwisho linapita saa ngapi. Likatuacha. Tukarudi kwa treni ya chini ya ardhi, na ngazi zile zikamtesa bi mkubwa wa watu. Mpaka leo roho inaniuma. Kwa hiyo mkitoka na Mama, jambo la kwanza mjue mtarudi vipi.

Ami Khamis: Dada, umenipa fikra. Gari ya Bububu, daladala namba 502. Inapita Maruhubi, inapita Mtoni, inakwenda mpaka Bububu. Moja ikipita nyengine iko nyuma. Kila ukipanda unalipa upya, lakini nauli ya daladala haitutoi jasho.

Ami Khamis: Tena njia ile kutembezea wageni haikuanza leo. Treni ya Bububu ilikuwa ikitoka Ngome Kongwe, kilomita kama 11. Ilianza 1905, na abiria wa meli zilizotia nanga walikuwa wakiipanda kwenda kutazama shamba, kisha warudi melini. Safari hizo zilikwisha zamani.

Salma: Basi tumpeleke Maruhubi, Mtoni, Bububu, halafu kanisa la Mkunazini, Hamamni, Ngome Kongwe, Darajani, Forodhani!

Mama Salma: Salma, unamtembeza bibi yako au unamkimbiza?

Ami Khamis: Mama yako kasema kweli. Mimi nawatembeza wageni kila siku. Aliyepelekwa pahala kumi jioni hajui kipi alikiona wapi. Mbili, tatu basi, na kila pahala akae. Maruhubi, penye magofu ya jumba la Barghash, tutakaa hasa. Kutoka barabarani ni mwendo mfupi chini ya miembe, halafu unaziona zile nguzo nene za mviringo zimesimama peke yao. Zilikuwa zimebeba roshani. Jumba liliungua 1899. Ukigusa nguzo pale chokaa ilipobanduka, unaona vipande vya jiwe la matumbawe, vina vitundu vitundu kama sega la nyuki. Nataka Mama aweke mkono wake pale.

Salma: Mtoni mimi nitamweleza. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa pale 1844, ndiyo asili ya jina langu.

Mama Salma: Baba yako ndiye aliyelichagua. Na gari jamani msimpandishe chai maharage, ile daladala ya mabenchi, ngazi yake ya nyuma iko juu. Tungojeeni Hiace, akae mbele na dereva. Utingo aambiwe mapema kuwa kuna mtu mzima anashuka Maruhubi, wasimame vizuri pembeni.

Shangazi Asha (London): Na Beit el Ajaib? Mama analipenda.

Ami Khamis: Tutalitazama kwa nje, jioni tukiwa Forodhani. Toka lilipoporomoka upande ule Disemba 2020 sijampitisha pale. Anajua, lakini kulisikia redioni si kuliona.

Time (Wete): Subirini. Bibi yuko hapa namsomea yote. Anasema niandike maneno yake.

Time (Wete): "Khamis, magofu nitayaona inshallah. Lakini nianzisheni Michenzani. Kaka yangu alibeba matofali pale, siku zile watu walipokuwa wakijitolea kuyajenga yale majumba na Wajerumani. Akija Pemba akitusimulia. Nimepita pale kwa gari mara nyingi nakwenda hospitali. Hakuna aliyenishusha."

*saa 2:52*

Ami Khamis: Mama, nisamehe. Hili sikuwa nalijua. Nimepita pale na wageni sina idadi, na siku zote nawaonesha mnara tu.

Ami Khamis: Muulize, alisema ni jumba lipi?

Time (Wete): Anasema jina halijui. Ila alimwambia ukisimama dirishani unaviona viwanja vya Kisonge.

Mama Salma: Upande huo nina mwenzangu wa kikoba, anakaa chini kabisa. Nampigia sasa hivi atutolee viti nje.

Ami Khamis: Vya mgongo, shemeji. Tutakaa sana.