Malipo otomatiki ya kadi yalikatika, miezi miwili haijalipwa. Nianzie wapi?

Mgeni_Columbus

Wakuu, habari za jioni. Niko Ohio. Kadi yangu ya mkopo ilikuwa inajilipa kila tarehe 12 kutoka akaunti ya benki. Februari nilihamia benki nyingine, ile ya zamani ikafungwa. Malipo ya 12 Machi yakarudi, ya 12 Aprili hata hayakujaribiwa. Leo tarehe 2 Mei programu ya kadi inaonyesha hivi:

Deni lote dola 2,035 (kabla ya haya lilikuwa 1,860). Malipo ya chini kufikia 12 Mei dola 271, ambapo 172 ni za nyuma. Riba asilimia 24 kwa mwaka. Machi nimekatwa dola 30 za kuchelewa na 30 nyingine za malipo kurudi; Aprili 41 za kuchelewa.

Leo nina dola 60, mshahara ni tarehe 15. Nikitoa hizo 60 zinatosha kwa sasa? Mke wangu yumo kwenye kadi kama mtumiaji wa ziada, na mwaka huu tunajaza fomu ya uraia. Kuna jamaa kasema nipinge tu rekodi ya kuchelewa kule Equifax na wenzake (taasisi zinazotunza ripoti za mikopo), itafutwa.

Kibanda cha Mahesabu

Mkuu, hesabu siku, usihesabu miezi. Siku zinaanza kwenye tarehe ya malipo ya kwanza uliyokosa, yaani 12 Machi. Siku ya 30 ilikuwa 11 Aprili, hivyo alama ya "siku 30" yumkini imeshapelekwa kwa Equifax, Experian na TransUnion. Leo ni siku ya 51. Siku ya 60 ni 11 Mei, na hapo ndipo pa kupigania.

Kwa nini 60? Sheria ya kadi ya mwaka 2009 inamkataza mtoa kadi kukupandishia riba kwenye deni la zamani, ila ukipitiliza siku 60 anaruhusiwa. Kadi nyingi zina riba ya adhabu karibu asilimia 30. Lazima akupe notisi ya siku 45, na ukilipa kwa wakati mara 6 mfululizo baada ya kupandishwa lazima airudishe kwa deni la kabla ya notisi. Lakini hiyo ni nusu mwaka ya kulipia uzembe wa mtambo.

Sasa dola 60 zako. Kwa kawaida malipo huhesabiwa kufuta kiwango cha zamani zaidi kwanza. Kwenye deni la 1,860 kwa riba hiyo, kiwango cha chini cha Machi kilikuwa kama dola 55, kwa hiyo 60 inaweza kukizima na kukuepusha na alama ya 60. Tatizo ni kwamba Aprili inabaki. Ikifika 12 Mei, Aprili nayo imetimiza siku 30 na unaandikwa "siku 30" tena. Ukiendelea kulipa kiwango cha mwezi mmoja kila mwezi, unabaki nyuma hatua moja na ripoti inajaa alama hizo mwezi baada ya mwezi. Watu wengi wanashangaa hapa: "mbona nalipa kila mwezi?" Unalipa, ndiyo, ila unalipa mwezi uliopita.

Namba yako ni 172. Toa 60 leo, tafuta 112 kabla ya tarehe 11, hata kwa kukopa kwa shemeji. Zile 99 zinazobaki zikilipwa tarehe 15 utakuwa umechelewa siku tatu: unaweza kukatwa faini, lakini haziendi kwenye ripoti, maana kuchelewa kunakoripotiwa ni kuanzia siku 30. Riba kwa sasa inakula kama dola 1 na senti 34 kwa siku, hiyo isikunyime usingizi. Tarehe ndiyo yenye gharama.

DadaWaDawatini

Kaka, kabla hujalipa, pitia zile ada za Machi. Malipo yale yale ya 12 Machi yamekatwa mara mbili: ya kuchelewa na ya kurudi. Kanuni Z (kanuni ya shirikisho kuhusu mikopo), sehemu ya 1026.52, hairuhusu ada mbili kwa tukio moja. Malipo yalirudi, na kwa sababu hiyo hiyo ukaonekana umechelewa, wachague moja. Piga namba iliyo nyuma ya kadi na useme hivi: "Ada ya kuchelewa na ada ya malipo kurudi za Machi zimetokana na malipo yale yale, naomba moja irudishwe." Huo si ufadhili unaouomba, ni haki yako. Wakikataa, lalamika kwa CFPB (shirika la serikali linalolinda watumiaji wa huduma za fedha) mtandaoni, bure.

Ile 41 ya Aprili ni halali, kwa kuwa kosa la pili ndani ya mizunguko sita ya bili linaruhusiwa kutozwa zaidi. Mwaka 2024 CFPB ilitaka ada ya kuchelewa ishushwe hadi dola 8 kwa kampuni kubwa, mahakama ya Texas ikaifuta kanuni hiyo 2025. Unaweza kuomba nayo isamehewe, lakini iombe baada ya kurudishiwa ile 30, usizichanganye kwenye sentensi moja. Mhudumu akisikia haki na ombi pamoja, atakupa kimoja na kusema amemaliza.

Tabasamu74

Mpinge tu bwana, mtoa kadi asipojibu ndani ya siku 30 inafutwa. Watu wanafanya kila siku.

Kibanda cha Mahesabu

@Tabasamu74 hapana. Kupinga ni kwa taarifa zisizo sahihi. Yake ni ya kweli, mtoa kadi atajibu "imethibitishwa" na mchezo umekwisha. Kinachofaa kwake ni barua ya kuomba msamaha, ipelekwe kwa mtoa kadi mwenyewe BAADA ya kila cha nyuma kulipwa. Aya moja fupi: akaunti ilifungwa lini, malipo yalirudi lini, deni la nyuma lililipwa lini, kabla ya hapo rekodi ilikuwaje, na ombi moja la kuondoa alama ya siku 30. Hawalazimiki kukubali. Wakikataa, tuma tena baada ya miezi mitatu kwa anwani nyingine ya kampuni hiyo hiyo, maana jibu hutegemea sana nani kaifungua.

Ila chukua ripoti zako tatu kwenye annualcreditreport.com, sasa ni bure kila wiki. Kama umelipa kabla ya tarehe 11 halafu ukakuta imeandikwa 60, HAPO pinga, na ambatisha uthibitisho wa tarehe. Alama ya kweli hukaa miaka 7, ingawa uzito wake hupungua kadiri muda unavyokwenda.

Bahari Nyeupe

Kuhusu njia ya kulipa, hapa wengi huanguka mara ya pili.

Ukiongeza akaunti mpya kwenye programu, unaingiza namba ya rautingi (tarakimu 9 zinazotambulisha benki) na namba ya akaunti. Benki nyingi zina rautingi mbili, moja ya kutuma fedha kwa waya na nyingine ya malipo ya kawaida. Unahitaji ya kawaida, ile iliyo chini kushoto kwenye hundi. Tarakimu 16 za kadi ya debiti SIO namba ya akaunti.

Ukikosea hata tarakimu moja, programu itaandika "malipo yamepokelewa" na deni litashuka. Baada ya siku mbili tatu za kazi malipo yanarudi, deni linapanda, na tarehe imekwenda. Kwa hiyo usiamini programu ya kadi, fungua ya benki na uhakikishe fedha imetoka na haikurudishwa. Ndiyo maana usingoje tarehe 10.

Kama akaunti mpya inathibitishwa kwa kutumiwa senti kidogo kwanza, hiyo inaweza kula siku kadhaa. Piga simu ulipe kwa mhudumu. Anaweza kutoza ada ya kuharakisha, muulize kabla. Huduma ya kulipa bili ya benki yako nayo angalia: baadhi ya malipo huenda kama hundi ya karatasi kwa posta.

Mgeni_Columbus

Asanteni sana, shemeji ameshatoa 112. Nimeshawasha otomatiki upya kwenye akaunti mpya, kwa hiyo zile 99 zitajikata zenyewe?

Bahari Nyeupe

Usitegemee. Ukiwasha bili ikiwa imeshatoka, mara nyingi inaanza mzunguko unaofuata, yaani Juni. Tafuta mstari unaosema malipo ya kwanza ni lini. Ukikuta Juni, hizo 99 zilipe kwa mkono.

Futa akaunti ya zamani kwenye orodha, isije ikachaguliwa tena. Chagua "salio la taarifa" (deni lote lililo kwenye bili ya mwezi) kama mfuko unaruhusu, au angalau "malipo ya chini". Usiweke kiasi maalumu kama dola 50: kiwango cha chini kikifika 58 otomatiki itakata 50 na bado umekosa. Washa arifa ya malipo kurudi, kwa ujumbe wa simu si barua pepe peke yake. Malipo yakirudi mara moja, kampuni nyingi huzima otomatiki kimyakimya, na ndiyo maana Aprili haikujaribiwa.

Na kwa kuwa mshahara ni tarehe 15, omba tarehe ya kulipa ihamie 20. Mabadiliko huchukua mzunguko mmoja au miwili, hadi hapo tarehe 12 bado inakuhusu.

DadaWaDawatini

La uraia: fomu N-400 inauliza kodi na matunzo ya watoto, haiulizi alama za mkopo. Uvumi kwamba rekodi mbaya ya mkopo huharibu maombi ya uhamiaji una mzizi. Kuanzia Februari 2020 hadi Machi 2021 waombaji wa green card walijaza fomu I-944 iliyotaka ripoti ya mikopo, nayo ilishaondolewa. Mnapokwenda kuomba mkopo wa nyumba ndipo mtaulizwa, andaeni maelezo ya maandishi pamoja na barua ya benki inayoonyesha siku akaunti ilipofungwa.

Mkeo naye aangalie ripoti yake. Mtumiaji wa ziada hadaiwi deni hilo, lakini alama inaweza kumtokea. Aombe aondolewe kwenye kadi, kisha aziandikie taasisi zilizoonyesha akaunti hiyo ziitoe kwenye ripoti yake.

Tabasamu74

Sawa nimekubali. Na wale wanaotaka dola 400 "kusafisha" ripoti?

Kibanda cha Mahesabu

Sheria ya shirikisho inawakataza kupokea hata senti kabla ya kumaliza kazi. Akitaka kwanza, kata simu.