Nitengeneze aplikesheni kwanza, au nitafute wateja kwanza?

Kipanga wa Tegeta: Wakuu, nataka aplikesheni ya kuagiza chakula cha mama ntilie hadi maofisini Posta. Fundi anataka milioni 4, nusu mbele. Shemeji kashikilia nisitoe hata mia, nianze na kundi la WhatsApp na bodaboda mmoja. Ofisini nimeuliza, karibu wote wamesema wazo zuri. Majaribio ya nini tena?

Mzee wa Hesabu: Hiyo "wazo zuri" ni adabu tu. Leo Ijumaa, waambie walipie chakula cha Jumatatu. Utajua waliokuwa wanakusalimia na wenye njaa.

Shangazi Kaja: Mama ntilie mwenyewe umemuuliza? Saa saba mkono mmoja una upawa, mwingine unarudisha chenji, kiswaswadu kimefungwa kwenye kanga. Oda ataipokea kwa mguu?

Jini Kisomo: Hata M-Pesa Wakenya waliijaribu kwanza, 2006 kama sikosei.

Mtoto wa Thika: 2005 bwana. Ilikuwa ya kulipia mikopo ya Faulu, taasisi ya mikopo midogo, wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe. Ilipozinduliwa Machi 2007 ikauzwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mteja ndiye aliyeonyesha njia.

Bwana Mkanushaji: Wakenya wapi? Wazo la Vodafone ya Uingereza, majaribio yakachangiwa na serikali ya Uingereza. Mnapenda sifa nyie!

Mtoto wa Thika: Na waliolipia mikopo Thika walikuwa Waingereza pia?

Dogo Msafi: Mie narudi kwa Shangazi. Kiswaswadu? Mama yangu ni ntilie, ana simu ya kupangusa, kila asubuhi anatupia menyu stetasi. Acheni dharau.

Shangazi Kaja: Nimepika wewe hujazaliwa, unifundishe dharau? Mwambie ajibu meseji saa saba na nusu tumuone.

Dogo Msafi: Hajibu yeye. Najibu mimi, niko chuo, namwambia kwa simu "wali samaki tatu, Benjamini Mkapa Tower".

Mzee wa Hesabu: Wanalipa kabla au baada?

Dogo Msafi: Kabla. Wa mkopo walishatufilisi.

Bwana Mkanushaji: Samaki gani?

Dogo Msafi: Changu, akikosekana kibua.

Bwana Mkanushaji: Weka namba, tuko sita hapa Posta.

Kipanga wa Tegeta: Jamani, si ndiyo biashara yangu hiyo!

Shangazi Kaja: Dogo, mie bila pilipili.