Taiti za baridi za kupandia Mlima Kenya, ipi yafaa kwa mtu wa Mombasa?

mama_wa_tudor
Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Naomba ushauri kwa waliowahi kupanda mlima ama wanaoishi kwenye baridi. Kikundi chetu cha mazoezi, sisi ni wale wa kukimbia Mama Ngina pale Lighthouse alfajiri, kimepanga kwenda Mlima Kenya mwezi wa pili inshallah, twapitia Sirimon upande wa Nanyuki mpaka kilele cha Point Lenana. Mimi nimezaliwa hapa hapa kisiwani, baridi nnayoijua ni ile ya kusi mwezi wa saba basi.

Shida yangu ni miguu. Koti nshapata la kuazima, glavu na soksi pia nnazo, lakini huku chini sijui nivae nini. Nna taiti za koton zile za kuvaa chini ya dera, binamu yangu aniambia vaa mbili juu kwa juu zatosha. Mjini nimeona zile zenye manyoya ndani, muuzaji asema ni za baridi kali, nimezishika ni nzito kweli lakini hazina hata lebo. Halafu kuna hizi waziitazo themo ambazo ukizishika ni nyepesi kama za kawaida na bei iko juu, sasa najiuliza nyepesi hivo zitazuia baridi gani. Na jambo jengine, mimi sitoki na taiti peke yake, lazima kuwe na kitu kipana juu, je itanisumbua nikipanda? Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

mpanda_vilima
Wa aleikum salaam dadangu. Mimi huwapeleka watu wa pwani huko juu na swali la miguu ndilo watu huliwacha mwisho, kwa hivo umefanya vizuri kuuliza mapema.

Kwanza tuangalie waenda wapi. Geti la Sirimon liko mita 2,650, kambi ya Old Moses ni 3,300, kambi ya Shipton's 4,200, na Lenana yenyewe 4,985. Hewa hupoa kama digrii 6 na nusu kila ukipanda mita 1,000, sasa chukua joto letu la usiku hapa digrii 25 hivi, toa 32, umefika 7 chini ya sifuri na upepo bado hatujauhesabu. Mwezi wa pili kule ni kiangazi, mbingu iko wazi, mchana jua lachoma na usiku ardhi yapoteza joto lote kwa sababu hakuna mawingu ya kulizuia. Na safari ya kileleni huanza saa nane au saa tisa za usiku, yaani ule wakati wenyewe wa baridi.

Koton wacha nyumbani, moja au mbili ni mamoja. Utatoka jasho ukipanda hata kama kuna baridi, koton yanywa lile jasho na yakaa nalo, halafu mkisimama kupumzika dakika chache tu ile taiti mbichi yaanza kukunyonya joto, maji hupitisha joto kama mara 25 kuliko hewa. Na ukivaa mbili zinazobana juu kwa juu waifinya ile hewa iliyo kati yake, na hewa hiyo ndiyo ikupayo joto, kitambaa chenyewe kazi yake ni kuizuia tu isitoke. Ndiyo maana ile themo nyepesi unayoidharau yaweza kuishinda nene. Imefumwa ili ishike hewa na ilitoe jasho nje, unene si kipimo.

Sasa hilo la kitu kipana juu, dada, hapo wewe uko mbele ya wenzako. Taiti ya themo ni nguo ya ndani, kule juu upepo hupita katikati yake kama wavu, yataka suruali pana ya kuzuia upepo na mvua juu yake. Wanaopanda na taiti peke yake ndio hutetemeka. Kwa hivo chukua suruali pana nyepesi ya nailoni, iwe na zipu chini uweze kuivua bila kuvua viatu, na kama wataka shati refu mpaka magotini pia sawa, mradi lisiwe buibui la kukukanyagisha kwenye mawe, maanake kutoka Shipton's kwenda juu ni changarawe na mawe mwanzo mwisho.

kijana_wa_likoni
Mimi naona mwamtisha bure. Dadangu alipanda na hizo za manyoya na akafika na akarudi salama. Zauzwa bei nafuu na zina joto, chukua hizo sista.

mpanda_vilima
Ndugu yangu sikatai zina joto, zina joto sana, na hapo ndipo penye neno. Ukiwa umekaa kambini wanywa chai ni nguo nzuri mno, mimi humwambia mtu abebe moja ya kulalia kama anayo. Lakini kupanda saa nne tano na manyoya yale utatota jasho saa ya kwanza tu, na zile zisizo na lebo huwezi kujua kama ndani kuna koton ama la. Afanye hivi, atie tone la maji upande wa ndani. Tone likitawanyika haraka na baada ya muda pakakauka, kitambaa chatoa jasho. Likinyweka na pale pakabaki pabichi muda mrefu, hiyo ni ya kulalia.

mvita_toronto
Salamu kutoka kwenye theluji. Mimi ni wa Kibokoni lakini nipo huku Kanada na nakimbia nje mwaka mzima, mwezi wa kwanza hapa 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, kwa hivo taiti za baridi ndizo maisha yangu. Aloyasema mpanda_vilima ni kweli tupu, mie naongeza ya kitambaa.

Kuna njia mbili. Sufu ya kondoo wa merino, ama poliesta. Merino si ile sufu ya sweta za shule inayowasha, nyuzi zake ni nyembamba sana na ni laini mwilini, inaweza kunywa unyevu kama thuluthi ya uzito wake na bado ikakupa joto, na haishiki harufu, waweza kuivaa siku kadhaa mfululizo mlimani ambako hakuna pa kuoga na hakuna atakayejua. Ubaya wake ni ghali, huchanika upesi ikisuguana, na yakawia kukauka. Poliesta ni bei rahisi, yakauka haraka, ngumu, lakini siku ya pili tu yanuka. Kwa safari moja kama yako mimi ningechukua poliesta, pesa ilobaki nikaitia kwenye suruali ya juu. Angekuwa ni mtu ahamia huku ningemwambia merino bila kufikiri mara mbili.

Kwenye lebo nyengine huandikwa uzito kwa gramu za mita mraba. 150 ni nyepesi, 200 ni ya kati, 250 ni nzito. Kwa mtu anayetembea, chukua ya kati. Nzito ni za watu wa kukaa, wavuvi wa kwenye barafu na wanaolinda usiku. Sisi wa kukimbia tuna kanuni moja hapa, ukitoka mlangoni usisikie joto, usikie kijibaridi kidogo, maanake dakika kumi mbele mwili utawaka wenyewe. Mtu wa pwani hili humuwia gumu sana kuliamini, ataka atoke amejifunika gubigubi, halafu njiani avua na jasho tayari limeshaingia nguoni. Shoga yangu, mkianza kutoka Shipton's usiku ule sikiza baridi kidogo, ivumilie, na ile suruali ya upepo na koti ziwe karibu kwa sababu kileleni mkisubiri jua litoke ndipo mtakapoganda.

Na uangalie mishono. Iwe ile bapa isiyo na ukingo, na kati ya mapaja kuwe na kipande kilichoungwa pale badala ya mishono minne kukutana mahali pamoja, la sivyo utachubuka mpaka ushindwe kushuka. Kiuno kiwe cha juu, kifike kitovuni, mgongo usiachwe wazi ukiinama.

bi_wa_kongowea
Jamani mbona hamjataja mitumba. Mimi nauza Kongowea, nguo za baridi huku zatoka robota zima na watu wazipita tu kwa sababu hapa hazina kazi, kwa hivo bei yake hushuka kuliko Nairobi ambako wateja wa mlima wako wengi. Taiti za kukimbilia nazo huingia, ukipata kamera, yaani zile bora za kuchaguliwa mwanzo robota likifunguliwa, waweza ukapata kitu ambacho kipya dukani hukigusi.

Lakini mitumba yataka jicho. Vuta lastiki ya kiuno uiwache, ikirudi polepole imekufa, iwache. Inyoshe mbele ya mwanga usawa wa makalio na magoti, hapo ndipo hulika kwanza, na za sufu tafuta vitundu vidogo vidogo vya nondo, kimoja tu kipo basi vyengine vyaja. Taiti iliyofuliwa mpaka ikatoa vidonge vidonge ndani imeisha, hata kama nje yang'aa. Na soma lebo ya ndani ubavuni, isiyo na lebo kwangu mimi simuuzii mtu wa mlima, namwambia ukweli.

mama_wa_tudor
Mashallah, ahsanteni sana, nimefahamu mengi. Hiyo ya koton sitaigusa tena. Mbili tu zimebaki. Saizi je, nichukue ya kunibana ama niongeze moja? Na kufua, maana nasikia hizi haziendi na maji moto.

mvita_toronto
Saizi yako ile ile. Iguse ngozi kila mahali bila kukuacha alama, ikikuacha alama nyuma ya goti ama kiunoni ni ndogo, damu haishuki vizuri kwenye vidole na miguu ndiyo yaanza kuganda. Urefu ufike kifundoni, soksi ipande juu yake, pasiwe na ngozi wazi. Kufua maji baridi au ya uvuguvugu, usitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi na jasho halitoki tena. Merino usiitundike mbichi, itavutika, ilaze juu ya taulo.

mpanda_vilima
Baridi huwezi kuipima Mombasa lakini michubuko waweza. Ivae alfajiri moja pale Lighthouse na ile suruali pana juu yake, panda na ushuke zile ngazi, chuchumaa, inua goti mpaka kifuani. Joto litakusumbua, vumilia, kunywa maji. Mahali popote patakapowasha hapa, kule patatoka damu.

bi_wa_kongowea
Dada nitumie ujumbe faraghani na kipimo cha kiuno na urefu kutoka kiunoni mpaka kifundoni, tukifungua robota nakuwekea kando. Uje asubuhi mapema, saa nne kamera zote zishachukuliwa.