Tupeane uzoefu: kesi yako Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya ilikula tarehe ngapi?

MamaDagaa

Wakuu, habari za jioni. Naomba tukae kwenye kitu kimoja tu: tarehe. Nani alishinda na nani alishindwa tuyaache. Nataka kujua ulipangiwa tarehe ngapi, kati ya hizo ni ngapi kesi ilisikilizwa kweli, na nini hasa kiliivusha ikaisha. Kila mwaka Wiki ya Sheria tunasikia habari za kupunguza mlundikano wa mashauri. Sisi tunaokaa kwenye yale mabenchi ndio tunaojua umepungua wapi na umebaki wapi.

Naanza mimi. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwaka 2016 nilimpa mteja wangu mzigo wa shilingi 1,800,000 kwa mkopo, tukaandikishana mbele ya mashahidi wawili. Akazima simu. Nikafungua madai Mahakama ya Mwanzo. Kwenye daftari langu la hesabu, ukurasa wa nyuma kabisa, nikawa naandika kila tarehe na sababu niliyoambiwa. Ninalo mpaka leo, limeloa pembeni lakini linasomeka: Mdaiwa hajapata wito. Mdaiwa hajapata wito. Hakimu yuko semina. Mzee wa baraza mmoja (wale wanaokaa na hakimu) kafiwa. Mdaiwa anaumwa, kaleta karatasi. Hakimu kahamishwa. Hakimu mpya hajasoma jalada. Tarehe 11 ndani ya miezi 14, na siku tuliyosimama tukaongea mbele ya hakimu ni mbili tu.

Asiyefanya biashara hii hajui siku moja ya mahakama ni nini. Dagaa wanashushwa alfajiri, unatakiwa uwepo uwaanike. Saa mbili asubuhi uwe kwenye benchi, maana karani akiita jina usiitike, shauri lako linaweza kufutwa. Kwa hiyo mzigo unamwachia mtu. Siku ya tarehe yangu ya saba mvua ilishuka ghafla, niliyemwachia alikuwa kaenda kunywa chai. Dagaa wakinyeshewa wameshaharibika, unawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Siku hiyo mahakamani niliambiwa "njoo tarehe 19".

Mimi siku kama hizo naziita tarehe hewa. Zipo kwenye jalada, hazipo kwenye haki.

Baadaye sana, kwenye banda la Wiki ya Sheria, dada mmoja alinieleza kwamba Mahakama imejiwekea ukomo: shauri la Mahakama ya Mwanzo lisizidi miezi 6, la Wilaya na la Hakimu Mkazi miezi 12, la Mahakama Kuu miezi 24. Likipita hapo linahesabiwa ni mlundikano. Yangu ilikuwa imepita zaidi ya mara mbili na mimi nilidhani ndiyo kawaida.

Mwaka 2022 nikawa na kesi nyingine, deni vilevile. Hakimu, mama wa makamo, siku ya kwanza kabisa alituuliza wote wawili: una mashahidi wangapi, wanakaa wapi, wanapatikana siku gani? Akapanga siku mbili zinazofuatana. Wito ukapelekwa kupitia mwenyekiti wa mtaa na karatasi ya kuthibitisha ikarudi. Wiki saba, hukumu. Jengo lilikuwa lilelile na benchi lilelile. Nyie wenzangu?

Msengerema

Mama umenigusa. Mimi sikuwa na kesi, nilikuwa shahidi, na shahidi ni mtu anayesahaulika kabisa.

2019 iliibwa mashine ya mtumbwi ya jirani yangu, ikakamatwa upande wa mjini, kwa hiyo kesi ikafunguliwa mahakama ya wilaya huko. Mimi niko Sengerema. Wakati ule hakuna daraja. Unaamka saa tisa usiku, unafika Busisi unakuta foleni ya malori, unasubiri kivuko, unavuka mpaka Kigongo, unatafuta gari la kwenda mjini. Mara ya kwanza nilichelewa dakika 40, kesi ikaahirishwa kwa sababu "shahidi hakufika". Mara ya pili nilifika wa kwanza kabisa, nikaambiwa mpelelezi yuko kazini mkoa mwingine. Mara ya tatu wakili wa mshtakiwa alikuwa Mahakama Kuu. Kumbuka shahidi unatakiwa ulipwe nauli, lakini utaambiwa fungu halijaingia. Mara ya nne sikwenda. Nasema ukweli, sikwenda, na nilijua jirani yangu ataumia.

Kesi ilimfia mikononi, mtuhumiwa akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Mpaka leo tukikutana kisimani tunasalimiana tu, hatuongei.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 2025 watu waliongea habari za biashara na wagonjwa. Mimi nilifikiria mashahidi. Kilomita 3 zile, ambazo sasa unavuka kwa dakika chache, zimeahirisha kesi nyingi ambazo hakuna aliyeandika kwenye jalada kwamba sababu ni maji.

Binti_Ukara

Yangu ni ya heri kidogo. Mirathi ya baba, 2020. Tulikuwa tumeahirisha wenyewe kwa miaka minne kwa sababu kila tukikaa kikao cha ukoo kinaishia kwa baba wakubwa kugombania shamba. Kwa hiyo tukiongelea ucheleweshaji, mwingine tunaufanya nyumbani kabla mahakama haijajua tupo.

Mimi naishi pembezoni mwa jiji, na ile mahakama inayotembea ilikuwa inakuja karibu na kwetu kwa siku maalum. Hili ni basi kubwa, ndani kuna chumba kama ofisi, hakimu anakaa upande mmoja na nyie mbele yake, karani na kompyuta yake. Zilizinduliwa Februari 2019, Dar es Salaam na Mwanza ndiyo miji iliyoanza. Niliingia mle na muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo na shangazi yangu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani maisha yake yote. Aliponyanyua miguu kupanda ngazi za lile gari alinishika mkono akasema, "Kumbe ni hivi tu?"

Nilithibitishwa kuwa msimamizi ndani ya miezi miwili na kitu. Ila jamani, wengi tunasherehekea kuteuliwa tunasahau kilichobaki. Msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kurudisha hesabu mahakamani. Mimi nilirudisha mwezi wa sita baada ya kuitwa na karani. Jalada la mirathi lisilofungwa nalo ni kesi inayoning'inia, na wa kulaumiwa hapo ni sisi warithi.

Kaka_wa_Nyegezi

Mdogo wangu alikamatwa 2020. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana. Miezi 19. Kila baada ya siku 14, sentensi ileile: "Upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine."

Mama yetu hakukosa hata moja. Alikuwa anavaa kitenge kilekile cha bluu ili mtoto akitokea amwone haraka kati ya watu. Tarehe za mwisho mwisho hawakumleta tena, tukawa tunamwona kwenye skrini akiwa gerezani. Nakubali kwamba skrini inasaidia, kuna siku nyingi kabla ya hapo kesi iliahirishwa kwa sababu gari la magereza halina mafuta. Lakini tarehe hewa ikija kwa skrini bado ni tarehe hewa. Na mama alirudi nyumbani akasema, "Hakuniona. Kitenge hakikuonekana."

Mwisho DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akasema hana nia ya kuendelea na shauri. Akaachiwa. Hakuna aliyetueleza chochote zaidi ya hapo.

Sheria ilibadilishwa 2022, mtu asipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ila makosa makubwa yameachwa nje. Naomba wenye sauti walitazame hilo, maana kwenye hayo makubwa ndiko watu wanakokaa ndani muda mrefu kuliko wote. Siwezi kuandika zaidi.

MamaDagaa

Pole sana kaka yangu. Mpe mama shikamoo yangu.

KaraniMstaafu

Nimesoma yote taratibu. Nilifanya kazi masjala za mahakama za chini kwa miaka mingi kanda hii ya ziwa, nitasema ninachokijua.

Watu wanadhani jalada linalala kwa sababu ya rushwa tu. Rushwa ipo na ni dhambi, siitetei. Ila jueni hakimu alikuwa anaandika ushahidi wote kwa mkono. Shahidi anasema, hakimu anaandika, anamwambia "subiri", anaandika. Shahidi mmoja asubuhi nzima. Mtu akikata rufaa, na ana siku 30 tu kutoka Mwanzo kwenda Wilaya, anataka nakala ya hukumu, na mpiga chapa ni mmoja anahudumia mahakama tatu. Nimewahi kupeleka majalada kwenye mfuko wa rambo nikiwa juu ya bodaboda, nimeyakumbatia kifuani kwa sababu ya mvua.

Sasa shauri linasajiliwa kwenye mfumo, namba ya malipo inakuja kwenye simu, na mkubwa akiwa ofisini kwake anaona shauri gani limezidi miezi sita na liko kwa nani. Hiyo imeamsha wengi. Hakimu anayejua anaonekana hapangi tarehe ovyo.

Lakini kuna jambo linaniuma, na nalisema kwa sababu nililiona. Namba zikibanwa sana, njia rahisi ya kupunguza majalada ni kuyafuta. Mdai kachelewa saa moja, shauri limefutwa kwa kutofika. Karatasi ina kosa dogo, limeondolewa, kafungue upya. Kwenye ripoti hilo limemalizika. Yule mama aliyetoka Ukerewe na meli hajamaliza kitu, ameanza sifuri na ada nyingine. Katiba yenyewe, ibara ya 107A, inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi, na ibara hiyohiyo inakataza kufungwa mno na taratibu za kiufundi. Visomwe vyote viwili pamoja. Ningependa tuwe tunaulizwa: kati ya mashauri yaliyoisha, mangapi yaliisha kwa watu kusikilizwa?

Jingine ni kukaza hukumu. Umeshinda, mdaiwa halipi, unarudi kuomba dalali wa mahakama akamate mali yake. Hiyo safari ya pili haihesabiwi kwenye ile miezi sita.

Mkazi_Buhongwa

Niongeze fupi. Kama ni kiwanja au shamba, usipoteze muda Mahakama ya Mwanzo, mimi nilipoteza miezi mitano ndipo nikaambiwa hawana mamlaka. Anza Baraza la Kata. Tangu 2021 hawaamui tena, wanasuluhisha tu ndani ya siku 30, mkishindwana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Boda_Igoma

Shikamoo mama. Mimi nina tarehe yangu ya kwanza Alhamisi, namdai mtu laki sita za pikipiki. Nimeogopa baada ya kusoma hapa.

MamaDagaa

Marahaba mwanangu. Usiogope, nenda mapema. Beba mkataba halisi na nakala mbili. Nenda na majina ya mashahidi, namba zao za simu na mtaa wanaokaa, na uwe umewauliza siku wanazoweza. Hakimu asipokuuliza, nyanyua mkono umwombe kwa heshima apange siku ya kuwasikiliza wote. Mdaiwa wako usimwache mbali: jua analala wapi, maana wito usipomfika utaanza kuhesabu kama nilivyohesabu mimi.

Na karani mzee, nimekuelewa kuhusu kukaza hukumu. Yule wa 2016 alinilipa 700,000, iliyobaki sijaiona mpaka leo.

Boda, Alhamisi ukitoka tu, hata ukiwa bado uko getini, tuandikie hapa wamekwambia nini.