Naomba ushauri: joto linatoroka kupitia msingi wa nyumba

Habari zenu wakuu. Tunaishi kwenye baridi kali, ardhi huganda miezi kadhaa kwa mwaka. Nyumba imekaa juu ya jamvi la zege, yaani sakafu nene ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi. Dari na kuta tumeshaziwekea vizuia joto, lakini sakafu bado inatutesa. Katikati ya sebule unatembea pekupeku vizuri tu. Ukikaribia ukuta wa nje, vidole vinakufa ganzi, na nyuma ya kabati ukungu umeanza kuota. Watoto wanacheza hapo chini, ndiyo maana sitaki kuliacha hivi.

Ninavyoelewa, sehemu kubwa ya joto haizami katikati, inatorokea pembeni, kwenye ukingo wa jamvi ulio wazi. Zege hupitisha joto haraka mno kuliko mbao, sembuse povu gumu la polistairini.

Nataka nichimbe kuzunguka msingi, nibandike kwa nje mabamba ya polistairini ya sentimita 10. Fundi anashauri tuyaweke ndani kwa kuwa ni rahisi. Mimi nahofia zege litazidi kupoa na unyevu utajikusanya nyuma ya bamba, ukungu uzidi.

Je, mabamba yashuke wima tu, au niongeze mengine ya kulaza chini ya udongo kuelekea nje, ili ardhi iliyo chini ya msingi isigande na kuuinua? Na sehemu inayobaki juu ya ardhi mmeifunika kwa nini, maana jua huila polistairini na wadudu huitoboa? Aliyewahi kuifanya kazi hii anielekeze tafadhali, nianze kuchimba kabla ardhi haijaganda.