Naomba ushauri: kijana wangu ana akili, mbona anaiba?

Assalam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 15, kakamatwa mara ya pili kwa wizi wa simu. Mtaani wanasema hana akili. Si kweli! Redio mbovu anaifungua na kuitengeneza mwenyewe. Ila skuli kusoma kunamshinda, wenzake wakimcheka hutoroka.

Nimesoma kuwa mwaka 1977 watafiti wawili wa Kimarekani, Hirschi na Hindelang, walieleza kwamba alama ndogo za vipimo vya akili huhusiana na uhalifu kwa kupitia skuli: mtoto anafeli, anaichukia, anaikimbia. Niliposoma hayo, nilimuona kijana wangu.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 ipo, lakini nianzie wapi? Apimwe kwanza, au nimpeleke kwa fundi? Aliyewahi kulea kijana kama huyu anisaidie.